Pimbi Aliyeomba Akatwe Zaidi

Paukwa.

Pakawa.

Kazi ipo?

Ipo.

Mshahara upo?

Upo.

Umefika wote mkononi?

Hapo umetuchokoza, wewe simulia tu.

Basi sogeeni. Mwenye usingizi alale, mwenye mshahara akae macho.

Hapo kale Kiboko alikuwa na shamba la miwa kando ya mto. Shamba lilikuwa kubwa, na tumbo lake kubwa kuliko shamba. Vibarua wake walikuwa wengi, na mmoja wao alikuwa Pimbi, mdogo, masikio mafupi, hana hata mkia wa kufukuzia nzi. Mshahara wa mwezi ulikuwa mahindi kumi. Kiboko mwenyewe alijidai hayali. "Mahindi ni chakula cha vibarua," alisema kila siku. "Mimi hula miwa."

Mwezi ukiandama, vibarua walipanga foleni. Kiboko alihesabu mahindi kumi, kisha akaanza kukata.

"Hili la Mfalme."

"Ndiyo, bwana mkubwa."

"Hili la uzeeni kwako."

"Ndiyo, bwana mkubwa."

"Na hili la uchovu wangu wa kukata."

"Ndiyo, bwana mkubwa."

Pimbi akaondoka na saba. Mwezi wa pili, saba. Mwaka wa saba, saba. Kiboko aliyaingiza yaliyokatwa ndani, akafunga mlango, na humo ndani kukasikika kacha, kacha, kacha. Vibarua wote walisikia, na wote wakasema ni miwa. Nyuma ya nyumba kulikatazwa kupita, basi hakuna aliyepita.

Sasa palikuwa na Babu Nungu, aliyemlea Pimbi tangu alipofiwa na mama yake. Alilima shambani kwa Kiboko miaka arobaini, mpaka miiba yake ikaota mvi. Siku alipostaafu alichukua kikapu, akaenda kwenye ghala la Mfalme kudai fungu lake la uzeeni. Alitembea siku mbili. Akarudi na kikapu kitupu.

"Jina langu halimo, mwanangu," alimwambia Pimbi. "Miaka arobaini, na halimo."

Akajilaza, akageukia ukutani. Masika ilikuwa inakaribia na nyumbani mwake hamna hata punje. Pimbi alilia sana, kisha hasira ikamkausha machozi. Asubuhi akashika njia, tipu tipu tipu, mpaka ghalani.

Karani wa ghala alikuwa Korongo, amesimama kwa mguu mmoja.

"Shikamoo, karani."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Nataka kujua mahindi yangu yanayokatwa yanakwenda wapi."

Korongo akamtazama kwa jicho hili, kisha kwa jicho lile. Tangu ghala lijengwe, hakuna kibarua aliyewahi kuuliza hilo.

"Katika kumi," akasema, "moja ni la Mfalme, la kujengea daraja. Moja ni la uzeeni kwako, na mwajiri anatoa la kwake moja analiweka juu yake. Yote anayaleta hapa."

"Na lile la uchovu wa kukata?"

Korongo akakohoa. "Hilo silijui."

"Kiboko ameleta mangapi?"

"Hajaleta hata punje. Anasema hajaajiri mtu, ninyi ni wageni wake. Una ushahidi?"

"Nina njaa."

"Njaa haiandikwi kitabuni. Niletee kitu cha kushikika."

Pimbi akarudi, njia nzima anawaza. Mwezi ulipoandama akasimama mbele ya Kiboko.

"Bwana mkubwa, naomba unikate zaidi."

Masikio ya Kiboko yakasimama. "Umesemaje?"

"Huko kwetu wananicheka. Wanasema asiyekatwa sana hana kazi ya maana. Nikate matano."

Tangu azaliwe, Kiboko hakuwahi kusikia neno tamu kama hilo. Akakata matano upesi, asije Pimbi akabadili nia.

"Ila bwana," Pimbi akasema, "kwa Mfalme ni mbali, na mahindi huoza njiani. Si umsaidie tu kuyala hapa hapa? Mimi nipe magunzi, nikawaonyeshe majirani kwamba nami nakatwa."

"Umenena," akasema Kiboko, mate yanamdondoka. "Njia ni mbali kweli."

Kacha, kacha, kacha. Tfu. "Hili la Mfalme." Kacha, kacha, kacha. Tfu. "Hili la uzeeni." Pimbi akaokota gunzi moja moja, akashukuru kwa kila moja. Vibarua walimcheka. Akawanong'oneza jambo, wakaacha kucheka, na mwezi uliofuata foleni nzima iliomba ikatwe.

Mwezi wa tatu Pimbi akamwita Korongo, naye akafika shambani na kitabu chake.

"Hawa ni wageni wangu," Kiboko akasema. "Sijaajiri mtu."

Pimbi akamwaga magunzi chini. Kila gunzi lilikuwa limebakiwa na mstari mmoja wa punje.

"Ameyala mwenyewe, huyo," Kiboko akasema, akimsonta Pimbi.

"Fungua mdomo," akasema Korongo.

Kiboko akafungua. Jino moja la mbele lilikuwa limevunjika, na pengo lake lilitosha mstari mmoja wa punje.

"Haya, basi nilikula mahindi yangu mwenyewe. Ni kosa?"

Vibarua wote wakaitikia kwa pamoja: "Mahindi ni chakula cha vibarua. Mimi hula miwa."

Kiboko akafunga mdomo. Korongo akazunguka nyuma ya nyumba, na huko akakuta kilima cha magunzi ya miaka arobaini, kila moja na mstari wake wa punje. Babu Nungu, aliyekuja akijikongoja nyuma ya Korongo, aliokota moja, akaupapasa mstari wa punje. Kiboko akaamriwa arudishe kila hindi alilokula, aongeze lile la kwake, na la faini juu. Miwa yote iliuzwa, na shamba likafuata. Babu Nungu alipata fungu lake kabla ya masika. Alikula, akalia, akala tena.

Ikafika zamu ya Pimbi. Korongo akamhesabia, kisha akaweka moja pembeni.

"Hilo la nani?"

"La Mfalme."

"Na gunzi lake nitaliona wapi?"

Korongo akabadilisha mguu. "Darajani."

Pimbi akaenda kulitazama daraja. Palikuwa na gogo moja. Akapanda juu ya jiwe, akaketi. Mpaka leo ukimwona pimbi juu ya jiwe, anatazama mbali bila kupepesa, anasubiri gogo la pili.

Fundisho lake ni hili, watoto wazuri: ukikatwa mshahara, shukuru, funga mdomo, uende zako. Maswali yamewahi kumtia njaa Kiboko wa watu.

Hadithi yangu ilikuwa kumi, nimewapa saba. Hizo tatu msiniulize.