Zimwi la Hemedi Liende kwa Nani?

Kaeni vizuri, na mwenye simu aizime, maana jibu la mtanziko huu halimo humo. Nikimaliza nitataka uamuzi. Yule atakayeniambia "wote wana haki" nitamtoa nje, msije mkasema sikuwaonya.

Palikuwa na watoto watatu, Tanga, mtaa wa Chumbageni. Mwanaidi akishika kitu hakiachi, hata umvute vipi. Mdogo wake, Shekue, alikuwa na mikono. Redio iliyokufa alikuwa akiifungua na kuifunga mpaka iseme. Binti wa baba yao mdogo, Kibibi, alikuwa na jicho la kuchagua. Mtume sokoni kununua maembe uone, hakuletei bovu.

Kaka yao mkubwa alikuwa Hemedi. Huyo homa ilimchukua ghafla, Mungu amrehemu.

Hemedi alikuwa na mchezo wa kukamata mazimwi kwenye kimashine cha mkononi. Unalikamata zimwi, unalilea, unalipa jina, kisha unarekodi sauti yako ya kuliita. Waliotengeneza mchezo, wajanja wa biashara hao, waliutoa kwa kaseti mbili, Kiangazi na Masika. Zimwi likitaka kuhama, huhama kutoka Kiangazi kwenda Masika, au kinyume chake. Kiangazi kwa Kiangazi hawapokezani ng'o. Na likishahama mara moja, halihami tena.

Kaseti ya Hemedi ilikuwa Kiangazi. Zimwi lake alilipa jina Bwashee, na sauti ya kuliita ilikuwa yake mwenyewe.

Sasa sikilizeni walivyovuruga wakubwa. Ilipofika arobaini, vitu vya marehemu vikagawiwa. Mashangazi wakazifua nguo zote kwanza, wakazianika, wakazikunja. Kimashine wakampa Mwanaidi, suruali wakampa Shekue. Hakuna hata mmoja aliyepekua mifuko. Kaseti ilikuwa kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, imefuliwa kwa sabuni ya mche ikatakata. Wasilaumiwe sana, nani angejua?

Basi Mwanaidi akabaki na kimashine kitupu. Wakaja wageni na watoto wao, wakakitaka. Shangazi akamwambia akitoe, kitu hakiwaki atakifanyia nini. Mwanaidi akakataa. Akaitwa mchoyo, akanuniwa, akanyimwa hata salamu na binamu zake, na bado akalala nacho chini ya mto. Kimashine cha aina ile hakikuwepo kingine mtaani; vipya havikubali kaseti ya zamani kama ya Hemedi, lakini chenyewe hukubali zote.

Shekue siku alipoivaa suruali ndipo akaigusa kaseti. Akaifungua kwa kisu cha jikoni, akaipangusa kwa spiriti, akaizika ndani ya mchele mpaka ikakauka, waya uliokatika akauchomelea. Alijiunguza kidole, na alama anayo hadi leo. Kaseti ikafufuka, lakini ikichechemea. Leo inawaka, kesho inagoma. Akawaambia wenzake kwamba haitadumu, na Bwashee asipohamishwa atapotea nayo.

Ahamie wapi? Hapo akaingia Kibibi.

Kibibi alikuwa na kimashine chake kipya na ahadi ya baba yake ya kaseti moja sikukuu ya Idi. Mwaka mzima aliota Kiangazi. Marafiki zake wote walikuwa nayo, na mazimwi yake ni ya moto, yana mabawa, yana fahari. Masika ina vyura na konokono. Walipofika dukani baba yake akainyanyua Kiangazi, tayari kulipa. Kibibi akasema, "Hapana baba, nipe Masika." Baba akadhani mtoto anaumwa. Kibibi akarudi nayo nyumbani, akacheza na vyura wake siku nyingi, akichekwa shuleni, mpaka akafika kwenye kivuko ambapo mchezo huruhusu kupokea zimwi la mwenzako.

Jumamosi wakaviunganisha vimashine kwa waya, ukumbini, Kiangazi ndani ya cha Mwanaidi, Masika ndani ya cha Kibibi. Kiangazi ikatetemeka, ikamtoa Bwashee, ikazima. Haijawaka tena. Kule Masika, Bwashee akatua salama, na ile sauti ikatoka:

"Bwashee, njoo ule kabla hakijapoa."

Mama yao alikuwa amekaa anachambua mchele. Ungo ukamponyoka. Yale yalikuwa maneno yake mwenyewe, ndivyo alivyokuwa akimwita Hemedi kila mchana. Hakuwa na rekodi yoyote ya sauti ya mwanawe, wala nyumbani hapakuwa na chombo cha kurekodia. Akaomba waifungulie tena, na tena, akalia mpaka watoto wakaogopa.

Ingekuwa imeishia hapo, ningewaacha mkalale. Lakini baba yake Kibibi alikuwa amehamishiwa kazi Mbeya, na safari ilikuwa kesho yake.

Kibibi akasema kaseti ni yake, aliiacha aliyoipenda kwa ajili ya Bwashee, na akiiacha Tanga atakwenda ugenini bila hata chura. Shekue akasema bila vidole vyake Hemedi angekuwa amefutika kwa sabuni. Mwanaidi akasema alitukanwa kwa ajili ya kimashine kile, na Kibibi akiondoka na kaseti, atabaki tena na kitu kitupu. Wakapandishiana sauti, watoto waliokuwa wakila sahani moja.

Wakamgeukia mama aamue. Akaokota punje za mchele moja moja, hakuwatazama.

"Wote watatu ni wanangu," akasema. "Nikimchagua mmoja kwa ajili ya aliyekufa, nitawapoteza wawili walio hai. Msiniulize mimi."

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Kaseti ikabaki mkekani, na hakuna aliyeigusa.

Haya, nimemaliza, na mimi mwenyewe sijui, msinitazame hivyo. Aliyeitunza nyumba ya zimwi, aliyelifufua, au aliyeacha anachokipenda ili lipate pa kukaa? Gari la Mbeya linaondoka alfajiri, na nyuma ya mlango ule mama hajalala. Je, wewe ungempa nani?