Nani Ataanza Kula Natanata?

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya watu wenye njaa. Watoto, temeni hiyo miwa. Wazee nanyi sogeeni, msijifanye mmekuja kumchukua mjukuu tu. Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya, sasa nimewasikia. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijua kuwasha moto na binadamu bado anatafuna vibichi, palikuwa na Ngiri. Ngiri huyu alikuwa na meno mawili yaliyopinda, na mkia wenye kishungi, na sifa moja mbaya. Mdomo wake ulimtangulia. Yeye yu njiani, mdomo umeshafika. Mwenzake akisema "karibu," Ngiri ameshamaliza.

Basi kila mwaka, muhogo ukikomaa, wanyama wa bonde lile walikutana jioni, wakawasha moto, wakachoma natanata. Mnaijua natanata? Hamuijui! Maskini weee. Sikilizeni, lakini msimeze mate kwa kelele.

Unachukua muhogo wa kuchoma, unaukata vipande viwili vyembamba. Unachukua ndizi mbivu, ile yenye madoadoa, unaichomeka kijitini, unaigeuza juu ya makaa. Juu ya makaa, nimesema, si ndani ya ndimi za moto! Geuza. Geuza. Geuza tena. Ndizi inavimba, inatoka jasho, inasema chwiiii. Hapo unaibana katikati ya vipande vya muhogo, unaimiminia asali. Ukiuma, muhogo kach! Ndizi lege! Asali inateremka mpaka kwenye kiwiko. Inanata vidole, inanata ndevu, inanata moyo. Ndiyo natanata.

Kila mmoja alileta chake. Ngiri alifukua muhogo kwa meno yake. Kima alipanda migombani akaleta ndizi. Mama Nyegere, asiyeogopa nyuki wala mama yao nyuki, alileta asali. Nungunungu alitoa miba yake mirefu iwe vijiti vya kuchomea. Na Bwana Korongo? Bwana Korongo alileta adabu. Alisimama kwa mguu mmoja, shingo juu, akawaonyesha wenzake jinsi ya kukaa.

Mwaka mmoja, Ngiri aliaibika. Natanata ya kwanza ilipoiva, kabla mtu hajasema karibu, yeye nyam! Ya Nungunungu ilipoiva, nyam! Nungunungu akabaki ameshika mwiba mtupu. Bwana Korongo akagonga mdomo wake, ta-ta-ta-ta!

"Kuanzia leo hii ni sheria," akasema. "Atakayeuma kabla ya wenzake ni mlafi. Ataondoka kwenye moto huu, wala asirudi."

"Asirudi mpaka lini, Bwana Korongo?" Ngiri akauliza.

"Asirudi. Basi."

Ngiri akarudi shimoni kwake, mkia chini. Na shimoni kule Ngiri anaishi peke yake, jamani. Mwaka mzima anazungumza na mizizi, na mizizi haijibu. Jioni ya natanata ndiyo jioni yake pekee ya kukaa bega kwa bega na wenzake na kuitwa "ndugu." Akiukosa moto ule, amewakosa watu. Akaapa, "Mara ijayo nitakuwa wa mwisho. Nitakuwa wa mwisho mpaka wachoke kunisubiri!"

Mwaka ukazunguka. Muhogo ukakomaa. Moto ukawashwa.

Loo, ilikuwa jioni ya furaha! Kuni zinalia pa! pa! pa! Kima kwa haraka yake akaitia ndizi ndani ya mwali, pwaa! ikashika moto. Akakimbia nayo akizunguka kichuguu, "Naungua! Naungua!" kumbe inayoungua ni ndizi, si yeye. Mama Nyegere akacheka mpaka akakalia asali. Nungunungu akacheka mpaka miba ikamdondoka, wakapata vijiti vya ziada. Wakaimba:

*Geuza, geuza, usiunguze,*
*natanata!*
*Iache itoke jasho kwanza,*
*natanata!*

Ngiri naye aliimba, lakini kwa meno yaliyobanwa. Alikuwa ameikalia miguu yake ya mbele isije ikafanya mambo.

Natanata zikaiva. Kila mmoja akawa na yake mbele yake, juu ya jani la mgomba, inatoa moshi. Kima akamtazama Mama Nyegere.

"Mama Nyegere, karibu. Anza wewe."

"Akaa! Nianze mimi na wakubwa wapo? Nungunungu, anza wewe."

"La, shemeji, siwezi kukutangulia. Bwana Korongo, anza wewe."

"Mwenye adabu haanzi," akasema Korongo. "Ngiri, anza wewe."

"Mimi?" Ngiri akaruka. "La! La, la, la! Kima, anza wewe!"

Kima akamrudishia Mama Nyegere. Mama Nyegere akamrudishia Nungunungu. Nisaidieni, jamani, nyinyi upande huu semeni "Anza wewe!" na nyinyi huku semeni "La, anza wewe!"

— Anza wewe!

— La, anza wewe!

— Anza wewe!

— La, anza wewe!

Eeeh! Mnaona? Hata nyinyi mngelala njaa. Maana wanyama wale walitunga sheria ya kumfukuza wa kwanza, wakasahau kwamba chakula hakiliwi bila wa kwanza. Hizo "karibu" zikazunguka moto, zikazunguka tena. Asali ikaanza kuteremka kwenye majani, ndo, ndo, ndo, ikaingia majivuni. Ndizi zikasinyaa. Tumbo la Kima likaunguruma ngrrr, yeye akasema ni radi. Kisha radi yenyewe ikaunguruma kweli, gudugudu! Wingu la mvua limesimama juu ya bonde.

Nungunungu akaitazama natanata yake, machozi yakamlengalenga. Mwaka jana hakula. Na mwaka huu inamfia mbele ya macho.

Ngiri akamwona. Akiuma, amefukuzwa. Asipouma, mvua itakula kila kitu, na Nungunungu atarudi nyumbani na mwiba mtupu tena. Ngiri akawaza, "Hawa wote wana majina safi, wanayaogopea. Langu mimi lilishachafuka. Nguo iliyochafuka haiogopi tope. Liwalo na liwe."

Akapiga magoti kama ngiri wanavyokula, akafumba macho.

Nyam!

Weee! Kabla hajatafuna, kila mtu ameshauma. Kach! Lege! Kach! Lege! Kima alikula kwa mikono na miguu. Mama Nyegere alikula, akalamba jani, akalamba na jani la jirani. Nungunungu alikula akilia na kucheka kwa pamoja, asali imemjaa mashavuni. Wingu nalo likaona aibu likapita, likaenda kunyesha kwa wengine.

Ni Bwana Korongo tu hakugusa yake. Akagonga mdomo, ta-ta-ta-ta.

"Tumeona wote aliyetangulia. Sheria ni sheria. Ngiri, toka."

Ngiri akasimama. Akapangusa magoti. "Ni haki," akasema. "Kwaherini, ndugu zangu. Muhogo nitawaletea hapo pembeni kila mwaka."

Jamani, alihuzunika! Akageuka aende zake. Hapo Mama Nyegere akakohoa.

"Ngoja kwanza. Kule mzingani... mimi nililamba kidogo. Kuonja tu, nijue kama si chungu."

"Asali chungu?" akauliza Kima.

"Nyamaza! Na ndizi zako mbona zilikuja pungufu?"

Kima akakuna kichwa. "Moja iliteleza. Ikaingia mdomoni. Na nyingine ikaifuata kuitafuta."

Nungunungu akainamisha uso. "Mimi miba yangu ilikuwa na asali. Nikaisafisha. Kwa ulimi."

Wakatazamana. Puu! wakapasuka kwa kicheko.

"Basi wa kwanza si Ngiri," akasema Mama Nyegere. "Wa kwanza ni sisi. Sheria ni sheria, twendeni tukafukuzwe!"

Kila mmoja akachukua kijinga cha moto. Wakabeba muhogo, wakabeba asali, wakabeba ndizi, wakambeba na Ngiri mwenyewe. Wakaenda upande wa pili wa kichuguu, hapo hapo karibu. Wakawasha moto mpya, wakakaa bega kwa bega.

*Geuza, geuza, usiunguze,*
*natanata!*

Bwana Korongo akabaki na majivu, na sheria, na natanata yake iliyopoa. Akanyoosha shingo. Alitaka kula. Lakini ataanzaje kula bila kukaribishwa? Akatazama kulia, hakuna mtu. Akatazama kushoto, hakuna mtu. Ikabidi ajikaribishe.

"Karibu, Bwana Korongo," akajiambia.

"Ahsante sana," akajijibu. "Anza wewe."

"La, anza wewe."

"Anza wewe."

Akajikaribisha mpaka koo likamkauka, na kuuma hakuuma. Kule ng'ambo ya kichuguu wenzake wanacheka kwekwekwe. Mwishowe akaushusha ule mguu wa pili, akatimua mbio, mabawa juu, adabu chini.

"Ningojeni! Ningojeni! Na mimi nilidonoa! Nilipokuwa nakagua ndizi zenu, nilidonoa!"

Kicheko kikakatika. Wote wakamgeukia Ngiri, maana kama kuna aliyekuwa na haki ya kumfukuza mtu jioni ile, ni yeye. Korongo akasimama mbele yake kwa miguu yote miwili, shingo imepinda, hajui pa kuangalia.

Ngiri akamtazama. Kisha akasogea, akapangusa mahali kando yake kwa mkia, akamwekea natanata ya moto kwenye jani.

"Karibu, ndugu," akasema.

"Ahsante," Korongo akanong'ona. "Anza w..."

"Kula!" wakapiga kelele wote.

Akala.

Basi, wakubwa kwa wadogo, chukueni hili. Adabu ni kumlisha mwenzako, si kumwacha afe njaa kwa karibu-karibu. Na kabla hujamfukuza mtu kwa kulamba, toa kwanza ulimi wako tuutazame.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa imeungua, mpeni Kima.