Kongoti Aliyepima Miji Bila Kutembea

Hodi ya ngano!

— Karibu, ngano!

Inaingia na matope miguuni!

— Na iingie!

Haya, sogeeni. Nyie mnaonong'ona kule nyuma, mkinitia hasira naondoka na ngano yangu, shauri yenu.

Hapo zamani za kale, kando ya mto mmoja, palikuwa na miji mitatu ya wanyama. Mji wa Mchwa, mji wa Pimbi na mji wa Panya. Mto ule ulikuwa mpole miaka nenda miaka rudi. Kisha mvua zikageuka. Mwaka huu zinachelewa mpaka ardhi inapasuka, mwaka ujao zinamwagika zote kwa mpigo. Mto ukawa unapanda mpaka mahali ambapo hata mababu hawakuwahi kuuona.

Baraza la wanyama likaogopa. Likamwita Kongoti, yule ndege mkubwa mwenye miguu mirefu na mdomo mrefu kama koleo. Likamwambia, "Nenda ukaipime miji yetu. Utakaouona umejiandaa kwa mafuriko, uupe jina la Mji Tayari."

Sasa, wanyama wa pale walikuwa na desturi yao. Mgeni wa heshima anatandikiwa mkeka, ananawishwa miguu, na akishanawishwa hakanyagi tope tena mpaka aondoke. Kumzungusha huku na huku ni kumdharau. Na Kongoti, jamani, alipenda kuheshimiwa huyo!

Akaenda kwa Mchwa. Akauliza, "Mvua ikizidi ile ya babu zenu, mtafanyaje?"

Mchwa wakasema, "Tunapandisha kichuguu. Njoo uone mwenyewe, ila angalia miguu, kuna tope." Wakaendelea kubeba udongo. Mkeka hakuna, maji ya miguu hakuna. Kongoti akanuna, akaondoka.

Akaenda kwa Pimbi. Akauliza, "Mvua ikizidi ile ya babu zenu, mtafanyaje?"

Pimbi mmoja bibi kizee akasema, "Baba, sikufichi. Wagonjwa tumeshawahamishia jabali la juu. Wengine bado wako chini. Tunaogopa, tunaomba mtusaidie." Kongoti akajisemea, "Hawa hawajajiandaa kabisa." Akaondoka.

Ukabaki mji wa Panya. Mkubwa wao alikuwa Buku, panya mnene mwenye maneno matamu. Na mtaa wa chini, karibu kabisa na mto, alikaa panya mmoja mama, jina lake Siwema. Alikuwa na watoto wanne, hawajafumbua hata macho.

Siwema alikuwa anachimba njia. Alianzia chumbani kwa wanawe, akawa anapanda nayo kuelekea mlimani, ili maji yakija apate pa kuwapitishia. Udongo aliutoa nje, ukawa lundo.

Buku akaja mbio. "We Siwema! Mgeni anakuja kesho, unatuwekea lundo hapa? Lifukie!"

"Mzee, mvua haziko mbali. Wanangu nitawapitisha wapi?"

"Mgeni akiondoka utachimba. Hutaki, hama mji."

Ahame aende wapi na watoto wachanga? Siwema akaanza kufukia njia yake huku analia.

Kongoti alipofika, loo, mkeka mpya! Akanawishwa miguu, akaletewa ulezi wa kukaanga. Akauliza, "Mvua ikizidi ile ya babu zenu, mtafanyaje?"

Buku akasimama, akashika kiuno. "Tutajenga tuta hapa! Tutachimba mtaro pale! Na watoto wote tutawahamishia mlimani, asibaki hata mmoja!" Panya wakapiga vigelegele. Tuta lenyewe halikuwepo, mtaro haukuwepo. Kongoti hakuuliza viko wapi. Akafuta mdomo, akasema, "Huu ndio mji wenye mpango. Huu ndio Mji Tayari."

Mnacheka? Ngojeni.

Kongoti alipoondoka, Siwema akarudi kuchimba. Buku akamshika mkono. "Una wazimu? Mji Tayari unachimba nini tena? Wakikuona watasema tulidanganya!" Akaweka walinzi kwenye tundu lake.

Mvua ikaja. Haikunyesha, ilimwagwa. Mto ukapanda asubuhi, ukaingia mtaa wa chini mchana. Walinzi walikuwa wa kwanza kukimbia.

Siwema akamnyanyua mtoto mmoja kwa meno, akapita mlangoni, akakimbia naye mlimani. Akarudi. Maji yalikuwa yamefika kifuani. Akamchukua wa pili, akakimbia. Akarudi mara ya tatu. Mlango hauonekani. Akapiga mbizi, akatokea. Akapiga mbizi tena, akatokea bila mtoto. Akaita mpaka sauti ikakauka.

Maji yalipopungua, Kongoti akarudi. Mchwa walikuwa hai juu ya kichuguu chao. Pimbi walikuwa wamepoteza baadhi, wanalia. Kwa Panya, mtaa mzima wa chini ulikuwa tope tupu, na Buku alikuwa anamtandikia mkeka juu ya tope hilo.

"Karibu, mheshimiwa! Kaa nikueleze. Mpango wetu haukuwa na kosa. Mvua ndiyo iliyokosea." Kongoti akapanda mkekani.

Siwema akatokea, tope mpaka masikioni. "Bwana Kongoti, shuka mkekani."

Kongoti akashuka.

"Mimi sina mdomo mrefu, wewe unao. Wanangu wawili wako chini hapa uliposimama. Nitolee niwazike."

Kongoti akainama, akachokoa tope. Akamtoa mmoja, akamweka chini taratibu. Akachokoa tena, akamtoa wa pili. Machozi yakamtoka. "Mama, mbona siku ile hukuniambia?"

"Ungeshuka mpaka mtaa wa chini ungenikuta. Nilikuwa nafukia njia yao, wewe unatafuna ulezi."

Kongoti akasema, "Leo hii nalifuta lile jina la Mji Tayari."

"Lifute," akasema Siwema. Akawabeba wanawe mpaka mlimani, akaanza kuwachimbia kaburi. Mara hii hakuna aliyemkataza.

Basi, wajukuu zangu, shikeni hili. Ukitumwa kupima mji kama utahimili maji, usikae ukasimuliwa. Nyanyuka uende mtaa wa chini kabisa, kwa yule anayekaa na mto, ukaone kimechimbwa nini. Na wewe unayesifiwa kwa jambo ambalo hujalifanya, ogopa sifa hiyo, maana atakayeilipia ni mtoto wa mwenzio.

Ngano yangu inakaa chini, imechoka. Aliyeiona tamu aondoke nayo, aliyeiona chungu tuimeze pamoja.