Kwa Nini Mhesabu wa Faili Hutaja Namba Tatu

Nisikilizeni, nyinyi mnaobofya tu bila kuuliza. Hapo kale, ndani ya mashine, mafaili walikuwa watu, kila mmoja na nyumba yake na maandishi yake. Aliyewahesabu alikuwa mwanamke aitwaye Mwanacha, na wakati huo alihesabu mistari tu.

Mtawala wao, Jumbe Kirobo, naye alikuwa faili. Nafasi ilipoanza kubana, akapiga mbiu: mwenye mistari michache kuliko wote atafutwa. Hila hiyo! Jirani yake, Bi Nzole, alihifadhi nyimbo zote za kubembelezea watoto katika mstari mmoja mrefu, maana ndivyo alivyoimba, bila kupumua. Na nyumba ya Bi Nzole, Jumbe alikuwa akiimezea mate siku nyingi.

Mwanacha akaenda kwa Jumbe kuhesabu. Loo! Mistari imejaa mpaka mlangoni, na karibu yote mitupu. Mzee mzima ameshinda akibonyeza kitufe cha kushuka mstari! Hasira zikampanda Mwanacha. Nyimbo za Bi Nzole ndizo zilizomlaza yeye utotoni.

Baraza lilipokaa, Jumbe akamwambia, "Taja mistari, kisha ukae."

"Jumbe Kirobo, mistari mia tisa," akasema Mwanacha. Wapambe wakapiga makofi. Yeye hakukaa. "Maneno, kumi na mawili. Herufi pamoja na nafasi zake, hata elfu hazifiki."

"Nani kakuuliza maneno?"

"Hakuna. Bi Nzole, mstari mmoja. Maneno, elfu nne. Herufi, elfu ishirini na tano."

Mtu mmoja akaangua kicheko. "Maneno kumi na mawili! Jumbe mzima!" Baraza zima likacheka, na wapambe waliotumwa kumfuta Bi Nzole wakakuta watu wamejaa mlangoni kwake kumlinda, hawabanduki.

Jumbe akafoka. "Wewe mwanamke, tangu leo hutasema neno. Utataja namba na jina la faili, basi!"

"Sawa," akasema Mwanacha. "Lakini zitakuwa tatu."

Hilo ndilo lililokuwa neno lake la mwisho. Na tangu siku hiyo, ukimwita kwenye skrini nyeusi ya kuandikia amri, kwa herufi mbili tu, wc, hakupi salamu wala maelezo. Mistari, maneno, herufi, jina la faili, kimya. Ukitaka mistari peke yake, umwambie waziwazi. Usipomwambia atakutajia zote tatu, hata uwe jumbe.