Ukijua Jaza, Usipojua Jaza

Nani hapa amewahi kujaza jibu asilolijua, kisha akapewa vema? Shusheni mikono, nimeshawaona. Basi ngano hii nimewaletea nyinyi. Nikiita "Ngano kinywani!" itikieni "Iteme tuione!"

Ngano kinywani!

Iteme tuione!

Hapo kale, wanyama walipokuwa na akili pungufu kidogo tu kuliko sisi, walikuwa na ghala la mtama, akiba ya kiangazi. Mlinzi wake alikuwa Nungunungu, baba wa watoto wengi na usingizi mwingi. Asubuhi moja ghala likakutwa tupu. Limekombwa, fyuu! Na Nungunungu yuko mlangoni anakoroma, makapi yamemnasa kwenye miiba.

"Kala yeye!" akanguruma Kiboko.

"Mimi? Wote ule? Na katumbo haka?"

"Kala yeye!"

Kiboko akinguruma, nani ambishie? Wote wakaitikia: kala yeye. Kindi peke yake, juu ya mpera wake, alimwona Kiboko akijilamba, na mdomoni punje nyekundu za mtama. Lakini Kindi ni kadogo kama kiganja. Kiganja kitoe ushahidi mbele ya Kiboko? Akanyamaza. Kunyamaza si kusahau.

Shauri likakatwa. Atafutwe mlinzi mpya, na kazi yake ya kwanza iwe kumfukuza Nungunungu na wanawe, waende nyika isiyo na maji.

"Mlinzi mpya ni mimi," akasema Kiboko.

"Ukifaulu mtihani wa Kiingereza," akasema Korongo, msimamizi wa mitihani, amesimama kwa mguu mmoja ili aonekane anafikiri. "Nitasoma sentensi, neno la mwisho nitaliacha. Wewe utajaza."

Msiniulize mlinda mtama aulizwe Kiingereza cha nini. Mtama wenyewe haukijui. Ila huko kwao ndivyo ilivyokuwa, tofauti kabisa na kwetu.

Kiboko akaja chini ya mpera, du, du, du.

"We Kindi! Nasikia unajua Kiingereza."

"Shikamoo, mzee. Nakijua cha kuombea maji."

"Marahaba. Nifundishe, ama mti naung'oa."

"Mti wa nini kuung'oa, mzee wangu? Kanuni ni moja. Ukijua, jaza. Usipojua, jaza. Nafasi tupu ni sifuri. Na kila ukijaza, pera."

Kusikia pera, Kiboko akapanua kinywa, ukaonekana mpaka utumbo.

"The fire is very..." akaacha Kindi.

"FOOD!" akajaza Kiboko.

Pera likadondoka kinywani: tubwi!

"Nimepata?"

"Umejaza, mzee."

"The bird flies in the..."

"FOOD!"

Tubwi!

"My mother is very..."

"FOOD!"

Tubwi!

Kindi anaacha, Kiboko anajaza, pera linaingia. Kesho yake vilevile. Kindi anaacha, Kiboko anajaza, pera linaingia. Nungunungu akapita, miiba imemsimama kwa hofu.

"Jirani, ndiyo nini hii? Mtu anataka kuniua na wanangu, wewe unamlisha mapera!"

"Jirani, wewe funga mizigo. Ila funga taratibu."

Ikafika mahali Kiboko hawezi tena kuvumilia neno lililoachwa. Mkewe akimwambia, "Baba watoto, hebu sogea ki...", yeye huko, "DOGO!" Na kinywa wazi, anangoja.

Siku ya mtihani wanyama wote wakajaa uwanjani. Watoto wa Nungunungu wamebeba vifurushi mgongoni, tayari kwa safari. Korongo akakohoa, akasomea puani.

"The farmer went to the..."

"FOOD!"

"She was sad because of her..."

"FOOD!"

Korongo akabadilisha mguu. Hakuelewa kitu, na hakutaka ijulikane kwamba hakuelewa.

"Anajiamini sana," akasema. "Matamshi safi. Amefaulu!"

Nungunungu akafumba macho. Mtoto wake mdogo akaanza kulia, nyii, nyii.

Ndipo Kindi akaruka kichwani kwa Kiboko, pera bivu mkononi.

"Bwana msimamizi, naomba nimpongeze mwanafunzi wangu, kwa lugha yetu tu. Ndugu zangu! Kiboko leo amefau..."

"LU!"

Tubwi! Makofi. Kindi akachomoa pera jingine shavuni.

"Sasa yeye ndiye mli..."

"NZI!"

Tubwi! Vigelegele. Kindi akachomoa la mwisho, kubwa, lenye harufu ya kutoa mate.

"Na ule mtama wetu wote, aliyeukomba ni..."

Hata inzi alitua.

Kiboko akaona shimo. Aliliona, msiseme hakuliona. Lakini nafasi iko wazi, na pera liko pale, linanukia. Mdomo ukamtetemeka: mm, mm, mmm...

"MIMI!"

Pera halikudondoka.

Miiba ya Nungunungu, iliyosimama tangu siku ya ghala, ikalala yote kwa pamoja: chwaaa. Watoto wakatua vifurushi. Hata Korongo akashusha mguu wa pili, akasimama kama mtu wa kawaida.

Uzi wangu umekatikia hapo. Mwenye sindano na auunge. Na funzo, maana najua mtaniganda: wanangu, someni Kiingereza. Bila Kiingereza, mpaka leo tusingejua nani kala mtama.

Na Kiboko? Bado yuko pale katikati ya uwanja, kinywa wazi, anawafokea:

"Si nimejaza? Nimeula mimi, peke yangu, hata punje sikubakiza! Pera langu liko wapi?"