Mkurugenzi Aliyefungwa Kigingini

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na masultani, ni zamani ya juzi hapa, vyeti vilipokuwa vingi na viti vichache, palikuwa na kisiwa chenye mchanga mweupe kama sembe, na juu ya mchanga ule palikuwa na hoteli. Na katika hoteli ile palikuwa na kijana aitwaye Vuai Pandu, mwenye digrii ya sayansi ya bahari, second class upper, na mshahara wa asante.

Naam, asante. Kila mwisho wa mwezi meneja alimpiga begani akamwambia, "Thank you, Vuai. Unapata experience." Na Vuai alikuwa na experience mpaka inamtoka puani. Alisuuza majaketi ya kujiokolea. Alipanga kayaki. Aliwavisha wageni miwani ya kutazamia samaki, akawapandisha kwenye boti la ndizi, lile puto refu la manjano linalovutwa majini, akawaokota walipoanguka wakipiga mayowe ya furaha. Wao walilipa ili walowe. Yeye alilowa bure. Akitoka hapo alilala kwenye kochi la dada yake, miguu ikining'inia nje, na shemeji yake kila akipita sebuleni akikohoa kile kikohozi kisicho cha mafua.

Sasa ikatoka amri mpya ya hoteli: mwisho wa kujitolea ni miaka thelathini. Na Vuai alikuwa anatimiza thelathini siku ya Ijumaa.

"Umezeeka kwa kazi ya bure, dear," akaambiwa na dada wa ofisini, huku anapaka rangi kucha. "Rules are rules."

Basi baada ya Ijumaa hata ile asante haipati. Ama apate ajira ama arudi kwenye kochi, na kochi lenyewe shemeji ameshaanza kulitafutia mnunuzi.

Wiki hiyohiyo likaja kongamano. Kongamano la nini? La ukosefu wa ajira kwa vijana. Msicheke, ndiyo kwanza tunaanza. Vijana wasio na ajira walikuwa mjini, lakini ilibidi wajadiliwe kisiwani, maana mjini hakuna boti la ndizi. Asubuhi wakubwa waliwajadili vijana mpaka saa ya chai. Baada ya chai wakajadili chakula cha mchana. Baada ya chakula cha mchana ratiba ilisema "Team Building", na team building ni nini? Ni wakubwa kuvua suti, kuvaa kaptura, na kukimbilia majini kama watoto waliofunguliwa chuo cha Kurani.

Mkuu wao alikuwa Mkurugenzi wa Ajira mwenyewe, mtu mnene, mcheshi, mwenye fulana ya kongamano iliyoandikwa kifuani AJIRA NI SASA. Vuai alipoiona fulana ile akaitia CV yake kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha maji, akaifunga kiunoni, akakaa tayari kama mvuvi wa pweza mbele ya pango.

"Kijana," akasema Mkurugenzi, "nataka ule ubao wa kusimama na kasia. Niliuona kwenye Instagram."

"Mheshimiwa, maji yanatoka, bahari inakupwa, na upepo unasukuma kwenda nje. Tungoje kidogo. Na uvae jaketi, tafadhali."

"Jaketi litaficha fulana! Mimi nimezaliwa ziwani, maji hayanitishi. Una CV wewe?"

"Ninayo, Mheshimiwa. Ninayo hapa hapa."

"Basi nikirudi nitaitazama."

Hapo ulimi wa Vuai ukarudi ndani kama kobe. Akamfunga ile kamba ya ubao kwenye kifundo cha mguu, akamshika kiuno, akamsukuma. Bila jaketi. Maji yanatoka. Anajua.

Pale ufukweni hoteli ilikuwa imevuta kamba juu ya mchanga: upande huu wageni, upande ule mapapasi, wale vijana wanaouza safari, shanga, na maneno matamu. Mfalme wa mapapasi alikuwa Shaame Kombo, aliyesoma darasa moja na Vuai mpaka la saba, kisha akasomea Kiitaliano kwa Waitaliano wenyewe. Mkurugenzi alikuwa amemkabidhi simu amrekodi.

"Capo!" akapaza sauti Shaame. "Bello, bello, umependeza! Rudi nyuma kidogo, boss, ubao wote uingie!"

Mkurugenzi akapiga kasia, akarudi nyuma.

"Nyuma tena, bahari yote iingie!"

Akarudi nyuma.

"Nyuma tena, capo, kitambi kimejaa kioo chote!"

Akarudi nyuma. Upepo nao ukasema, kumbe huyu anataka kwenda nyuma? Mbona hakusema mapema. Ukamchukua.

Kasia likamponyoka. Akalala kifudifudi kama papa mkavu gulioni. "Kijana!" akalia. "Kijana weee!" Asubuhi nzima alikuwa akiwaita vijana "changamoto"; sasa anawaita kwa mahaba.

Huko alikokuwa anakwenda kuna mlango katika mwamba, maji yakitoka yote hupitia hapo, na atokaye na maji yale haulizwi tena atarudi lini. Lakini pembeni ya mlango ule palikuwa na shamba la mwani la Bi Mize Makame, mwanamke mfupi, mwenye mdomo mrefu. Meneja alikuwa ameshamwamuru mara chungu nzima ang'oe vigingi vyake vya kufungia kamba za mwani kwa sababu vinaharibu view, naye kila mara amemjibu kwamba view hailiwi na watoto.

Ubao ukaja mbio. Pezi lake la chini likanasa kwenye kamba za mwani. Kamba zikavutika, vigingi vikang'oka, mwani ukatawanyika, na ubao ukasimama kwi! Bi Mize, maji kiunoni, akaushika.

"We! Wa nani wewe?"

"Niokoe, mama!"

"Nakuuliza wa nani! Mbuzi akiingia shamba la mtu hufungwa mpaka mwenyewe aje. Sasa mwenyewe wako nani?"

"Mimi ni Mkurugenzi wa Ajira!"

"Aa, kumbe ndo nyie." Akaichukua ile kamba ya mguuni, akaizungusha kwenye kigingi kilichobaki, akapiga fundo la mwani, lile ambalo ukivuta linakaza. "Tulia hapohapo. Ukitia tena guu kwenye kamba zangu, n'takufunga na mdomo."

Akamwacha hapo, akaanza kukokota miguu kuelekea ufukweni, akipayuka, "Hotelini huko! Njooni m'mchukue mnyama wenu, kanilia shamba!"

Ufukweni wanakongamano walikuwa wamejipanga na simu zao. Wakapiga makofi. Mkurugenzi kuona anapigiwa makofi amefungwa kama beberu, aibu ikamwingia. Akasema atashuka kwa heshima zake. Akasimama. Ubao ukateleza. Akapinduka, mguu ukabaki juu umekazwa na kamba, kichwa kikaenda chini. Maji ya kiuno, enyi wasikilizaji, maji ya kumwogeshea mtoto. Lakini mtu akiingiziwa kichwa, hata ndoo ni bahari.

Shaame akaitupa simu. Akaruka kamba ya hoteli.

"Papasi haruhusiwi kuvuka!" akapiga kelele askari wa hoteli.

"Nikamate nikirudi!" Akaogelea kama anayekimbizwa. Akazamia, akaufumua mguu, akamtoa Mkurugenzi juu na kumtupia begani kama gunia la mwani. Vuai naye akafika na kayaki, wakamlaza juu yake, wakamsukuma mpaka mchangani. Lakini macho yalikuwa meupe na kifua kimetulia tuli.

Wanakongamano wakamzunguka. Mmoja akasema iundwe kamati. Mwingine akauliza kama hili liko kwenye ratiba. Vuai akapiga magoti, akambana kifua, akampulizia pumzi kinywani, akambana tena, akampulizia tena, huku mfuko wa CV ukimpigapiga pajani. Alikwisha choka, watu walikwisha anza kusema inna lillahi, naye hakuacha. Mara Mkurugenzi akakohoa. Akatapika maji ya chumvi, kisha akatapika kamba-koche wa mchana, aliyenunuliwa kwa fungu la vijana.

Alipopata nguvu akakalishwa chini ya mwavuli, taulo mabegani, akaagiza waitwe Bi Mize, Shaame na Vuai.

"Nataka kushukuru," akasema. "Kongamano lote hili, bajeti yote hii, limezaa nafasi moja. Moja tu. Mratibu wa Usalama wa Ufukwe, permanent and pensionable. Aliyeniokoa ndiye ataipata. Nani?"

Wa kwanza kusema akawa Bi Mize, kwani alikuwa hajawahi kuwa wa pili.

"Mimi! Bila ya kamba zangu saa hizi ungekuwa unawasalimia papa huko nje. Hawa wangemfufua nani? Wangempulizia nani?"

"Lakini hukukusudia kumwokoa, shangazi," akasema Shaame. "Ulimtia kizuizini! Na akazama kwa fundo lako. Mimi ndiye niliyemtoa majini. Hawa wote walikuwa wanatazama, wengine wanashuti video. Mimi sina cheti, sina ruhusa hata ya kukanyaga mchanga huu, nimeruka!"

"Umeruka baada ya kumpeleka!" akafoka Bi Mize. "Nani aliyekuwa anaimba nyuma tena, nyuma tena? Si wewe? Nyuma mpaka kwangu!"

"Yeye ndiye aliyetaka picha, yakhe!"

"Mheshimiwa," akasema Vuai, "hawa walileta maiti. With all due respect. Mtu aliyezuiwa asiende, mtu aliyetolewa majini, kama hapumui, ni maiti iliyozuiwa na maiti iliyotolewa. Pumzi unayosemea sasa nimekupa mimi."

Bi Mize akamgeukia taratibu. "Vuai mwanangu. Miye n'liyemkanda mama'ako siku uliyozaliwa. Hebu sema hapa, mbele ya watu. Nani aliyempa ubao maji yakitoka?"

Vuai akaushika mfuko wa CV.

"Bila jaketi," akaongeza Shaame kwa upole, na upole ule uliuma kuliko matusi. "Mimi sijui bahari inafundishwaje huko chuoni, ndugu yangu. Lakini ulijua. Nilikuona unatazama upepo."

"Alisema ataitazama CV yangu," akasema Vuai.

Mkurugenzi akawatazama wote watatu, akakuna tumbo juu ya AJIRA NI SASA. Mambo ya kuamua yalikuwa yakimchosha. Kwa kawaida aliyaahirisha. Majini boti la kuwarudisha wakubwa mjini lilikuwa limekwisha washwa.

"Basi, sikilizeni," akasema. "Wote mmeniokoa, na wote mmeniua kidogo. Mimi sitaamua, nisije nikaambiwa nina upendeleo. Kijana, wewe ndiye msomi hapa. Taja jina moja. Utakalolitaja nitaliandika, na sitauliza kwa nini. Ukishindwa, nafasi inarudi Hazina, na mnajua kitu kikirudi Hazina."

Vuai alitazama kulia, alitazama kushoto. Jina lake mwenyewe lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi, tamu kama halua. Kesho ni Ijumaa. Akilitaja, kochi kwaheri. Lakini akilitaja, mratibu wa usalama wa ufukwe atakuwa yule aliyemsukuma mtu majini bila jaketi. Akimtaja Shaame, kamba ya mchangani itakatwa, na papasi atavuka kichwa juu. Lakini Shaame ndiye aliyeimba nyuma tena. Akimtaja Bi Mize, hakuna meneja atakayethubutu tena kumwambia ang'oe kigingi hata kimoja. Lakini Bi Mize alimfunga mtu kama mbuzi akaenda zake, na mpaka sasa alikuwa anataka alipwe mwani.

"Haraka, kijana," akasema Mkurugenzi. "Boti linaondoka."

"Taja, mwanangu," akasema Bi Mize.

"Taja, ndugu yangu," akasema Shaame.

Vuai akafungua kinywa.

Na mimi hapo nakifunga changu. Ninyi mliokaa mkitafuna karanga kama watu wenye mshahara, msinitazame hivyo, jibuni: aliyemzuia asipotee akamfunga, aliyempeleka mbali akamtoa, na aliyemsukuma akamrudishia pumzi. Kiti ni kimoja, na boti linanguruma. Je, lilistahili kutoka jina la nani katika kinywa cha Vuai?