Fungu la Asiyeandikwa

Sikilizeni, ndugu zangu, habari ya mwanamke mmoja fundi wa kompyuta. Chuoni kwake palikuwa na mtambo ambamo watumishi wote walihifadhi kazi zao, na kila mmoja alipimiwa nafasi yake, huyu kubwa, yule ndogo. Yeye ndiye aliyeandika kitabu cha kuongoza ugawaji huo. Aliandika kwa miezi minne, akijaribu kila agizo mtamboni kabla ya kuliacha likae.

Mkuu wake alikisoma, akafika mstari wa mwisho: "Ambaye hakupangiwa nafasi, anayo gigabaiti kumi. Ikijaa, asifute kitu. Aombe aongezewe."

"Mama, huu uondoe," akasema. "Kila mtu anajua."

"Kila mtu ni nani, Mzee? Si mimi na wewe tu?"

Mkuu akacheka. "Wewe ukipika utabandika karatasi kwenye kopo: hii ni chumvi!"

"Jikoni kukiwa na mgeni, nitabandika."

"Haya, uache. Lakini ubaki huko huko mwisho."

Mwaka uliofuata akaajiriwa binti wa kurekodi wazee wakisimulia koo zao. Hakuna aliyekumbuka kumpangia nafasi. Mwezi wa pili mtambo ukamwambia: nafasi imejaa. Je, aliuliza? Hakuuliza. Nani kati yetu, akiwa mgeni, huthubutu kuomba nyongeza? Alijiambia, "Nimepewa kidogo kwa kuwa ni mgeni," akachagua rekodi ya zamani kuliko zote ili aifute: bibi mmoja akitaja vizazi saba. Bibi huyo alikuwa amezikwa wiki mbili kabla ya hapo.

Kwa kuwa hakuwahi kufuta kitu mtamboni, alifungua kitabu aone inavyofanywa. Akasoma hadi mwisho. Akaenda kwa mkuu.

"Shikamoo, Mzee. Kitabu kinasema nisifute kitu, niombe nafasi."

"Marahaba. Ulitaka kufuta nini?"

Akamfungulia asikie. Sauti ya bibi ikashuka kizazi kwa kizazi, ikafika cha saba, ikataja jina la mkuu mwenyewe, kisha ikaongeza: "Huyu ni kitinda mimba wangu, mbishi tangu tumboni."

Mkuu alikuwa amemzika mama yake bila kujua kwamba sauti yake imebaki popote. Akaomba aisikie tena. Kisha akamwita fundi. "Ule mstari wako," akasema, "uhamishie ukurasa wa kwanza."

Ndugu zangu, mimi najivunia mwanamke yule, wala sioni haya kusema hivyo hapa madhabahuni. Hakumtoa mtu motoni. Aliandika sentensi tatu za kweli, akakataa kuziondoa.

Na sisi? Tuna desturi njema: asiye na ndugu mjini hapa, akiugua, jumuiya humpikia mpaka asimame. Waliotutangulia waliipanga, nasi twajivunia, na ni haki yetu. Lakini imeandikwa wapi? Nani amemwambia yule aliyehamia juzi, aliyeketi benchi la nyuma? Tunasema kila mtu anajua. Yeye hajui. Pengine sasa hivi anawaza apunguze nini maishani mwake ili asitulemee.

Fungu lake lipo tangu siku alipoingia mlango ule. Tukitoka hapa, kabla hatujasalimiana sisi tunaojuana, tukamwambie.